Jeraha la Apiyo

Kila siku baada ya masomo, Apiyo na Adongo walivua sare, wakabeba mitungi na kwenda kuteka maji kwenye kibanda cha Mama Debra. Walikuwa mapacha wa miaka kumi na miwili, wakaazi wa Nyalenda, mjini Kisumu. Katika mtaa wao bomba halikufika nyumbani. Lilifika kibandani tu, na kila mtu alipanga mtungi wake kwenye foleni kisha akangoja zamu. Siku nyingine foleni ilikuwa fupi. Siku nyingine ungeweza kumaliza kazi yote ya nyumbani ya Hisabati ukiwa umekaa juu ya mtungi.

Katika kungoja huko ndipo Adongo alipomzoea mtoto wa mbwa aliyekuwa akiishi nyuma ya matangi ya maji. Hakuna aliyejua mbwa huyo alikuwa wa nani. Rangi yake ilikuwa ya kahawia, hivyo Adongo akamwita Kahawa. Alimletea vipande vya ugali mfukoni, na Kahawa alimlamba mikono mpaka akacheka. Hata Debra, binti wa miaka mitatu wa mwenye kibanda, alipenda kumbeba mbwa huyo kifuani kama mwanasesere.

Mama yao, Dorca, hakujua lolote. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na cherehani yake ilikaa barazani tangu asubuhi hadi jioni. Baba yao, Owiti, alifanya kazi katika kiwanda cha sukari huko Muhoroni, akija nyumbani kila baada ya wiki mbili. Kwa hiyo amri zote za nyumbani zilitoka kwa Mama, na amri moja ilikuwa wazi kabisa.

"Mbwa wa mitaani, hapana," alikuwa akisema. "Nikimwona mmoja wenu na mbwa, atanitambua."

Siku moja ya Jumanne, Adongo alifika nyuma ya matangi na kuita, "Kahawa! Kahawa!" Mbwa hakuja mbio kama kawaida. Alikuwa amejibanza chini ya mbao, mdomo wazi, mate yakimning'inia kama nyuzi. Adongo alimtupia ugali. Mbwa hakuunusa hata kidogo.

"Muache, anaonekana mgonjwa," Apiyo alisema.

"Ana njaa tu. Amezoea kulishwa mkononi."

Adongo aliinama na kunyoosha mkono. Mbwa alinguruma kwa sauti nzito ambayo hakuwahi kuitoa. Apiyo aliona meno, akamvuta dada yake kwa nguvu hadi akaanguka nyuma. Mbwa aliruka. Kwa kuwa Adongo hakuwa tena mbele yake, aliukamata mguu wa Apiyo, akaung'ata nyuma chini ya goti, kisha akakimbia akiyumbayumba na kujigonga ukutani.

Apiyo alishika mguu wake. Palikuwa na matundu mawili ya meno, na damu ilikuwa ikichuruzika taratibu.

"Twende tumwambie Mama," alisema.

Adongo alimshika mkono. "Apiyo, tafadhali. Akijua nimekuwa nikilisha mbwa, leo sina pa kulala. Ni kidonda kidogo tu. Kesho kitakuwa kimekauka."

Apiyo hakuwa amezoea kumkatalia pacha wake. Walimwagia jeraha maji kidogo ya mtungini, wakalifunga kwa kitambaa. Walipofika nyumbani, Mama aliona kile kitambaa.

"Mguu una nini?"

"Amekwaruzwa na bati la ua," Adongo alijibu haraka, kabla dada yake hajafungua mdomo.

"Muwe mnaangalia mnakopita," Mama alisema, akarudi kwenye cherehani.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Adongo alikuwa karibu kusahau.

Ijumaa, somo la mwisho katika darasa la Adongo lilikuwa Sayansi. Apiyo alisoma katika mkondo mwingine wa darasa hilo, upande wa pili wa ua. Mwalimu Nasambu alichora duara kubwa ubaoni, na ndani yake duara dogo.

"Hii ni seli moja ya mwili wako," alisema. "Hili duara dogo ni kiini. Ndani ya kiini mna DNA, yaani maagizo yote ya kukujenga wewe. Seli ikitaka kutumia agizo moja, hulinakili kwenye RNA, na RNA hiyo hutoka nje ya kiini kwenda kufanyiwa kazi. Sasa, virusi pia vina maagizo yao. Kirusi kikiingia kwenye seli, huyaingiza maagizo yake humo ili seli ikifanyie kazi. Je, seli itajuaje kwamba imeingiliwa na mgeni?"

Mwalimu alirudi kwenye duara la ubaoni.

"Itajua kwa sababu ina walinzi," Mwalimu aliendelea. "Ni protini ndogo sana zinazopapasapapasa kila kitu. Hamkufundishwa kuwa nazo, mmezaliwa nazo. Zikiikuta DNA nje ya kiini, mahali isipotakiwa kuwa, zinajua kuna hatari. Zikiikuta RNA, huitazama kichwani. RNA yetu huvikwa kitu kama kofia kabla ya kutoka kwenye kiini. RNA ya virusi vingi huja kichwa wazi, au nyuzi zake mbili zimeshikana kwa namna ambayo zetu hazishikani. Hapo walinzi hupiga kengele. Seli humwaga kemikali inayoitwa interferoni, na seli za jirani hujiandaa kwa vita. Ukisikia homa na mwili kuuma, mara nyingi ni ile kengele inalia."

Adongo alipenda habari hiyo. Aliinua mkono. "Mwalimu, kuna virusi vinavyowapita hao walinzi?"

"Vipo. Kila kirusi kina ujanja wake. Lakini kinachonitisha mimi ni kile cha kichaa cha mbwa."

Adongo aliiweka kalamu chini.

"Mtu hung'atwa na mbwa mgonjwa," Mwalimu Nasambu alisema. "Kirusi huingia na mate. Walinzi wangeweza kuitambua RNA yake, lakini kirusi hicho hutengeneza protini inayoziba ile kengele isilie sawasawa. Hakuna homa, hakuna uvimbe wa kukutisha. Kidonda hupona, nawe unaendelea kucheza. Kumbe kirusi kimeingia kwenye neva na kinapanda polepole kuelekea ubongoni. Kikifika huko, mgonjwa huanza kuwashwa pale alipong'atwa, hukasirika bila sababu, na akipewa maji koo hujikaza kwa hofu. Dalili hizo zikianza, madaktari hawana dawa ya kumwokoa. Ni wachache mno duniani waliowahi kupona."

Kengele ya shule ikalia. Wanafunzi waliruka kutoka vitini. Mwalimu alisema kitu kingine, lakini kelele za madawati zilikimeza. Adongo alibaki ameketi. Mikono yake ilikuwa baridi kama aliyeishika barafu.

Njiani kurudi nyumbani alitembea nyuma ya Apiyo akiutazama ule mguu. Walipofika karibu na duka la mkaa, Apiyo alisimama, akainama na kuukuna mguu juu ya kitambaa.

"Unafanya nini?" Adongo aliuliza.

"Panawasha."

Walipoingia nyumbani Adongo alitupa begi, akachota kikombe cha maji na kumpa dada yake.

"Kunywa."

"Sina kiu."

"Kunywa kidogo tu."

"Nimekwambia sina kiu! Kwani leo umekuwa nani wa kuninywesha maji?" Apiyo alikisukuma kikombe, maji yakamwagika sakafuni.

Adongo alitazama maji hayo yakisambaa. Amekataa maji. Amekasirika. Anawashwa. Mambo yote matatu aliyoyataja Mwalimu yalikuwa yamesimama mbele yake, yamevaa uso unaofanana na wake. Aliwaza juu ya hasira ya Mama, kisha akawaza juu ya kitanda walicholala wawili tangu wazaliwe, upande mmoja ukiwa mtupu. Akatoka mbio hadi barazani.

"Mama, nimesema uongo."

Cherehani ilikuwa ikilia. Mama hakumsikia.

"Mama! Si bati. Apiyo aling'atwa na mbwa. Jumanne. Mbwa alikuwa akitokwa na mate. Mimi ndiye niliyemlisha, na mimi ndiye niliyemkataza Apiyo asiseme. Mama, Apiyo atakufa!"

Cherehani ilinyamaza. Mama alisimama, kitambaa cha sare kikaanguka miguuni pake. Adongo alifumba macho akingoja kofi. Kofi halikuja.

"Wuololo! Ole wangu!" Mama alisema kwa sauti ndogo. "Vaa viatu. Mwite dada yako."

Walichukua tuktuk hadi hospitali ya mjini. Njiani Adongo alirudia maneno ya Mwalimu, na Apiyo akaelewa hatimaye sababu ya kikombe cha maji, akaanza kulia kimyakimya. Mama alimshika mkono mmoja, na Adongo mwingine.

Waliwahi kumkuta Mathews, tabibu ambaye watu wote walimwita Daktari. Alimsikiliza Adongo hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akakifungua kile kitambaa.

"Anawashwa," Adongo alisema. "Na amekataa maji."

Daktari alijaza kikombe na kumpa Apiyo. "Jaribu."

Apiyo alikishika kwa mikono miwili. Alikuwa ameogopa kiasi kwamba meno yaligonga ukingo wa kikombe. Akanywa funda moja, la pili, akakimaliza chote. Mama alivuta pumzi ndefu.

"Kitambaa hiki kina uchafu, ndicho kinachomwasha," Daktari alisema. "Na alikuwa hana kiu, basi. Hajaonyesha dalili. Lakini sitawadanganya. Mbwa mliyemweleza ananitia wasiwasi sana. Ningependa mngekuja Jumanne ileile, tena mkiwa mmeosha jeraha kwa sabuni. Hata hivyo kirusi husafiri polepole, na mguu uko mbali na ubongo. Tuna nafasi. Tusipoteze dakika."

Aliupeleka mguu wa Apiyo chini ya bomba na kuuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano kamili. Kisha akaleta sindano mbili.

"Hii ya kwanza ina kingamwili zilizokwisha kutengenezwa," alieleza. "Naiweka kuzunguka jeraha, ikamate kirusi pale pale. Ya pili ni chanjo. Ina virusi vilivyouawa. Haviwezi kumdhuru, lakini walinzi wa mwili wake watavitambua kuwa wageni na kupiga kengele ambayo kirusi kilicho hai hujaribu kuiziba. Wakishapiga kelele, mwili utajifunza kutengeneza kingamwili zake wenyewe. Atachanjwa mara tano katika mwezi mmoja. Asikose hata mara moja."

Sindano ya jeraha iliuma. Apiyo alipiga kelele, na Adongo alilia zaidi yake. Adongo naye alichanjwa, kwa sababu mbwa alizoea kumlamba mikono iliyokuwa na michubuko.

"Sasa niambie," Daktari alimgeukia. "Nani mwingine alimgusa mbwa huyo?"

Adongo alifikiri. Kisha akahisi baridi ile ile ya darasani.

"Debra," alisema. "Mtoto wa pale kwenye maji. Alikuwa akimbeba kila siku."

Mama alipiga simu mara moja. Mama Debra alijibu kwamba mtoto wake hana kitu chochote, anacheza vizuri. Adongo aliomba simu.

"Mama Debra, tafadhali mwangalie vidole. Alikuwa akimtia mbwa mkono mdomoni."

Walisikia mlango, hatua za miguu, kisha sauti ya mtoto akilalamika. Mama Debra aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kuna mkwaruzo kwenye kidole gumba. Sikuwa nimeuona. Nakuja."

Hazikupita dakika ishirini akashuka kwenye pikipiki, Debra akiwa mgongoni kwa leso. Alipita mbele ya Adongo, akasimama.

"Ulijua tangu Jumanne?"

Adongo aliinamisha kichwa.

"Nilijua alimng'ata Apiyo," alinong'ona. "Nisamehe, Mama Debra."

Mama Debra aliingia ndani, na muda mfupi baadaye kilio cha mtoto kilisikika kote kwenye ukumbi.

Kesho yake maafisa wa mifugo waliukuta mzoga wa Kahawa nyuma ya matangi. Waliuchukua kwa glavu ili ukapimwe, na wakaahidi kurudi kuwachanja mbwa wote wa mtaa. Jumatatu, baada ya chanjo ya pili, Mwalimu Nasambu, aliyekuwa amezisikia habari hizo, alifika mwenyewe nyumbani. Aliketi kando ya Adongo barazani.

"Somo langu lilikatwa na kengele," alisema. "Nilikuwa nikisema chanjo humwokoa mtu iwapo ataipata kabla ya dalili. Hamkunisikia. Nilipaswa kuanza na hilo. Leo asubuhi nimelirudia mbele ya madarasa yote."

Jumanne asubuhi Apiyo aliamka mwili ukiwa moto. Adongo alimgusa paji la uso na hofu ikamrudia yote. Safari hii hakungoja hata kuvaa sare.

"Mama, Apiyo ana homa."

Walirudi hospitalini. Daktari alipima malaria, akakuta hana. Alimpima joto, akamtazama machoni, akampa maji, na Apiyo akanywa.

"Ni chanjo," alisema. "Walinzi wake wamewaona wageni na wanapiga kelele. Homa hii kesho itashuka. Mmefanya vizuri kuja. Ni afadhali mje mara kumi bure kuliko mkose mara moja."

Homa ilishuka kweli. Lakini siku ya kumi majibu ya mbwa yalikuja: Kahawa alikuwa na kichaa. Mama aliyapokea kwa simu, akaketi chini barazani na kujifunika uso kwa leso. Kuanzia hapo siku zilitambaa. Adongo alimhesabia dada yake kila kikombe cha maji. Kila alipofika kibandani alimtazama Debra akinywa, na alipomwona akijimwagia maji kifuani na kucheka, aliweza kupumua. Mama Debra alimjazia mtungi bila kumsemesha. Apiyo naye alimwambia siku moja, "Nilikukasirikia sana. Bado kidogo." Adongo alikubali. Alijua anastahili.

Siku ya chanjo ya tano walikutana wote tena hospitalini. Daktari Mathews aliandika kwenye kadi tatu, akazipiga muhuri. Alisema watoto wote ni wazima na kinga imeshika.

Mama Debra alizitazama zile kadi. Kisha akamgeukia Adongo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Mtoto wangu hajui kueleza lililompata," alisema. "Ungenyamaza, nisingejua kamwe. Ulichelewa, lakini ulisema. Asante."

Adongo alilia mbele ya watu wote. Mama yake alimvuta karibu, akamvuta na Apiyo, wakaketi watatu kwenye benchi la ukumbini.

"Nimefikiri sana mwezi huu," Mama alisema. "Nimekuwa nikiwafokea mpaka mkauogopa mdomo wangu kuliko meno ya mbwa. Hilo ni kosa langu, nami nitalirekebisha. Lakini nawe, Adongo, ulijue lako. Kulisha mbwa kulikuwa kosa dogo. Kulificha ndiko kulikokaribia kumchukua dada yako na mtoto wa watu. Mungu ametupa walinzi mwilini, lakini hao hawawezi kutembea kuja hospitali, wala hawawezi kuniita nikiwa kwenye cherehani. Kazi hiyo ni yenu. Mtu akiumia, aseme siku ileile, hata kama amekosa. Hasa kama amekosa. Tutagombana baadaye, nyote mkiwa hai."